Farasi ana tarehe ya kurudi, jamaa zilizohama bado zinangoja

Kwenye kibanda kimoja cha kuchajia simu, katika mtaa ambamo jamaa nyingi za wakimbizi wa ndani zinakaa kwa wenyeji, vijana walikuwa wanatazama video ya farasi. Farasi huyo alikuwa anashuka kwenye ndege kubwa ya mizigo, amefunikwa blanketi, huku mtu mmoja akimshika kamba na kumsemesha pole pole. Vijana walicheka sana. Mnyama ana pasipoti, ana daktari, anapanda ndege! Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni hakucheka. Aliuliza: "Na huyu atarudi kwao lini?" Mwenye simu alijibu kwamba atarudi mwezi wa ine, mashindano yakiisha. Mama alilipa franka zake, akachukua simu yake, akaenda.

Swali lake linastahili jibu refu kuliko lile alilopewa. Safari ya farasi wa mashindano ni jambo la matajiri wa mbali, na watu wa Kivu na Ituri wana haki ya kuuliza linawahusu nini. Linawahusu kwa sababu ndani ya safari ile kuna mambo ya bei kubwa, na kuna mambo ambayo karibu hayana bei. Yale ya bei kubwa hakuna anayeyadai hapa. Yale mengine wakimbizi wa ndani wanayakosa kila siku, na ni vigumu kupata sababu nzuri ya kuwanyima.

Toka Newmarket hadi Dubai

Newmarket ni mji mdogo wa mashariki ya Uingereza. Unajulikana ulimwenguni kwa ajili ya farasi: zaidi ya farasi 2.000 wanafundishwa mbio pale, na asubuhi magari yanasimama njiani ili wapite. Wakati wa baridi, viwanja vya majani vinalowa na mashindano ya Newmarket yanasimama mpaka mwezi wa 4. Wakati uleule, huko Dubai kwenye Ghuba, joto kali limepungua na msimu wa mbio unaanza katika uwanja wa Meydan. Msimu huo unaendelea hadi usiku wa Dubai World Cup, mwisho wa mwezi wa 3 au mwanzo wa mwezi wa 4. Mbio hiyo ilianzishwa mwaka 1996, na farasi Cigar wa Marekani ndiye aliyeshinda mara ya kwanza. Siku hizi zawadi yake ni dola milioni 12.

Ndiyo maana kila mwaka mazizi makubwa yanagawa farasi wao. Wengine wanabaki Newmarket kupumzika, wengine wanapelekwa Dubai kwa msimu wote. Zizi la Godolphin, la Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, mtawala wa Dubai, lilizaliwa na wazo hilohilo la safari: farasi wapitishe miezi ya baridi kwenye jua, kisha warudi Ulaya wakiwa na nguvu. Mwaka 1994, farasi jike Balanchine alitoka Dubai akashinda mbio ya Oaks kule Epsom. Mwaka uliofuata, Lammtarra naye alipitisha baridi Dubai, akarudi na kushinda Derby bila kukimbia hata mbio moja mbele yake mwaka ule. Tangu hapo ilionekana wazi kwamba safari ikitayarishwa vizuri haimharibu farasi, inaweza hata kumjenga.

Yanayofanyika mbele ya safari

Matayarisho yanaanza wiki nyingi mbele ya siku ya ndege. Kwanza mfundishaji anachagua. Si kila farasi mwenye mbio anafaa kusafiri. Kuna anayekataa kula akibadilishiwa banda, kuna anayetoka jasho akiona tu mlango wa lori. Mfundishaji mwenye akili anamwacha huyo nyumbani, hata kama ni hodari.

Kisha daktari wa mifugo anakuja. Anapima damu, anasikiliza mapafu, anaangalia chanjo ya mafua ya farasi. Baada ya daktari zinakaguliwa karatasi. Pasipoti ya farasi ina jina lake, mwaka aliozaliwa, jina la mama na jina la baba. Ina pia alama za mwili: rangi, doa la paji la uso, mguu upi ni mweupe, na mahali ambapo manyoya yanazunguka, kwa sababu mizunguko hiyo haifanani kati ya farasi na farasi. Chini ya ngozi ya shingo kuna kidude kidogo chenye namba, kinachosomwa kwa mashine. Akichanganyika na farasi mia moja wa rangi moja, bado atajulikana ni nani na ni wa nani.

Siku ya safari, farasi anaingizwa kwenye chumba chembamba pamoja na wenzake wawili, na chumba hicho kinapandishwa ndani ya ndege. Hapo kuna jambo ambalo kila mchungaji wa ng'ombe wa Masisi angelielewa bila mwalimu: farasi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake anaogopa. Kwa hiyo wanapenda kumweka karibu na farasi anayemzoea, na mtunzaji wake wa kila siku, yule anayejua harufu yake na sauti yake, mara nyingi anasafiri naye. Rubani anapanda na kushuka pole pole kuliko kwenye ndege ya abiria, kwa sababu mnyama wa kilo 500 amesimama kwa miguu ine muda wote.

Safari ya kwenda Dubai inachukua masaa kama saba. Muda huo watunzaji wanampa majani makavu na maji, tena na tena, hata akikataa mara ya kwanza. Wanahakikisha pia kwamba anaweza kuinamisha kichwa. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa masaa mengi anashindwa kutoa uchafu wa koo, vijidudu vinashuka mapafuni, na anaweza kupata ugonjwa wa mapafu ambao watu wa kazi hiyo wanauita homa ya safari. Unaweza kumuua. Dawa yake ya kwanza haina bei: ni kumlegezea kamba ili ainamishe kichwa.

Akifika, hakimbizwi. Farasi anaweza kupoteza kilo kumi, hata ishirini, kwa safari ndefu, zaidi ni maji ya mwili. Wanampima joto asubuhi na jioni. Siku za kwanza anatembezwa tu kwa kamba, anakula, analala, anazoea banda na maji mapya. Mfundishaji anangoja mpaka sahani ya chakula irudi tupu. Hapo ndipo anaanza kumpandisha kiwanjani.

Hata bingwa anachoka

Hapa kuna somo la Black Caviar, farasi jike wa Australia. Alikimbia mara 25 na kushinda zote 25. Mwaka 2012 alisafirishwa toka Australia mpaka Uingereza, upande wa pili wa dunia, amevalishwa nguo maalum ya kumbana mwili ili damu itembee vizuri. Kwenye uwanja wa Ascot, mwezi wa 6, alishinda kwa kichwa tu, yeye aliyezoea kuwaacha wengine mbali. Baadaye madaktari walikuta misuli yake imeumia. Alirudishwa kwao, akapumzishwa miezi mingi, kisha akakimbia tena na kushinda. Bingwa kama yule, mwenye daktari na mali ya kila namna, safari ilimgusa. Watu wake walilikubali hilo na wakampa muda.

Kuna pia somo la upande mwingine. Mwezi wa 8 mwaka 2007, farasi waliotoka Japani walikuwa kwenye karantini nchini Australia, na mafua ya farasi yakatoka humo na kusambaa. Mashindano yalisimama kwenye majimbo mawili, New South Wales na Queensland, farasi maelfu waliugua, na nchi ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka uliofuata tu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji wa zamani Ian Callinan iliona kwamba sheria zilikuwepo, lakini hazikufuatwa: watu waliingia na kutoka kwenye karantini bila kujisafisha jinsi ilivyotakiwa. Nchi nzima ililipa kwa ajili ya sabuni na maji ambayo hayakutumiwa. Waliowahi kuishi kambini wakati wa kipindupindu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mtu si farasi

Wengine watasema kulinganisha mkimbizi na mnyama ni matusi. Wana haki ya kusema hivyo. Mtu si farasi, na ndiyo sababu jambo hili linauma. Mwenye farasi hafanyi yote haya kwa upendo peke yake. Farasi ni mali, akiugua ni hasara. Mtu hapaswi kuwa mali ya yeyote ili achungwe. Na wale wanaolisha farasi wa Dubai, wengi wao ni watu wa India na Pakistan walioacha bibi na watoto nyumbani kutafuta mshahara. Nao wana swali lao la tarehe ya kurudi.

Wengine watasema vita haingojei daktari. Ni kweli. Risasi zikianza kulia usiku, mama anabeba mtoto, sufuria na godoro ikiwezekana, anakimbia. Hakuna anayeweza kumlaumu kwamba hakutayarisha safari. Lakini vita inaeleza kukimbia peke yake. Haielezi kwa nini jamaa ikifika salama inakaa miezi bila jina kwenye orodha. Haielezi kwa nini watu wanaambiwa waondoke tena kwa haraka. Mwezi wa 2 mwaka 2025, watu waliokuwa kwenye kambi za pembeni ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, walipewa siku chache tu za kuondoka. Walivunja vibanda, wakakunja shitingi, wakaingia barabarani, wengine bila kujua kama kijijini nyumba bado imesimama. Safari ile ilikuwa na tarehe. Kilichokosekana ni matayarisho.

Sasa tuweke pembeni ndege, blanketi na daktari wa bei kubwa. Tuangalie yale mambo manne ya banda la farasi ambayo hayahitaji utajiri.

La kwanza ni jina. Farasi ana karatasi inayosema yeye ni nani, na mama yake ni nani. Watoto wengi waliozaliwa kambini hawana hata moja. Sheria ya Congo inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa, na ndani ya siku hizo ni bure. Zikipita, mzazi analazimika kupitia korti ya watoto, na hapo ndipo franka zinaanza kuombwa. Karani mmoja na kitabu kimoja cha serikali, wakitembelea kambi na mitaa ya wenyeji mara moja kwa mwezi, wangeokoa watoto wengi na shida ya kesho. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009, unaitaka serikali iwaandike wakimbizi wa ndani na kuwapa vitambulisho. Unasema pia kwamba mwanamke ana haki ya kupata kitambulisho kwa jina lake mwenyewe. Mama ambaye bwana yake alipotea njiani asiambiwe angoje mpaka mwanaume apatikane.

La pili ni kutotenganishwa. Farasi anawekwa na mwenzake ili asiogope. Kwenye lori za kuhamisha watu, mara nyingi anayehesabu anahesabu vichwa: thelathini wametosha, funga mlango. Mtoto anabaki chini, nyanya anabaki na mzigo. Kuhesabu kwa jamaa badala ya vichwa hakuongezi mafuta ya lori. Na wazazi nao wana kazi yao: kumfundisha mtoto jina lake lote, jina la baba, la mama, la kijiji na la groupement, mpaka alijue kama wimbo. Mtoto anayejua hayo, Msalaba Mwekundu wana mahali pa kuanzia kumtafutia wake.

La tatu ni maji na mapumziko. Farasi mmoja anakunywa litre 30 au zaidi kwa siku. Kipimo ambacho mashirika ya misaada yenyewe yamejiwekea ni litre 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, za kupika na za kuoga, yaani bidoni moja ya litre 20 isiyojaa. Farasi ana kilo 500, kwa hiyo hakuna wa kumwonea wivu. Lakini kwenye banda lake hakuna siku kipimo hicho kinasahauliwa, wakati mstari wa bidoni kwenye kisima cha kambi unaanza alfajiri na watu wanarudi na nusu. Na mapumziko je? Mtu aliyetembea siku tatu na mzigo kichwani anafika, kisha anapangwa mstari kwenye jua tangu asubuhi ili aandikwe, na jioni anaambiwa arudi kesho. Kumkalisha kivulini, kumpa maji mbele ya kumuuliza maswali, ni adabu ambayo kila nyumba ya kijijini inaijua. Mgeni hupewa kiti kwanza.

La ine ni ukweli juu ya safari. Hili ndilo kubwa. Katika zizi la Newmarket, kila mtu anajua farasi yupi anakwenda, anakwenda wapi, nani atampokea, na lini atarudi. Kama hafai kusafiri, anabaki. Kwa wakimbizi wa ndani, habari zinakuja kwa uvumi: kambi itafungwa, kambi haitafungwa, kijiji kimetulia, kijiji kimechomwa. Mkataba uleule wa Kampala unasema mtu arudi kwa hiari yake, na achague akiwa na habari za kutosha: kurudi, kubaki alipo, au kuhamia mahali pengine. Kusema ukweli hakununuliwi. Hata kusema "bado hatujui, tutawaambia siku ya posho" ni bora kuliko kunyamaza.

Nani afanye nini

Hayo manne hayangoji mkutano wa nchi za nje. Wenye mamlaka, wowote wale wanaoshika mahali, wanaweza kuagiza karani atembelee watu. Mashirika yanaweza kupanga lori kwa jamaa na kubandika habari kwenye mlango wa kambi kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake. Wakubwa wa mitaa wanaweza kuandika kwenye daftari nani alifika, lini, na kutoka wapi, maana daftari hilo litakuwa ushahidi siku ya kutafutana. Redio za mahali zinaweza kusoma majina ya watoto wanaotafutwa, kama zilivyofanya nyingi tangu zamani.

Jamaa zinazopokea nazo zisisahauliwe. Zimegawa chumba, sahani na choo na watu ambao hawakuwajua, na mwenye nyumba mara nyingi hana kazi kama mgeni wake. Mwenye farasi akileta mnyama kwenye zizi la mwingine, analipa majani. Mwenyeji anayelaza watu tisa kwenye chumba kimoja anapaswa kuhesabiwa wakati wa msaada, asiambiwe kwamba yeye hakukimbia.

Na wakimbizi wenyewe wana haki ya kuuliza maswali mbele ya kupanda lori lolote: Tunakwenda wapi? Nani anatupokea? Maji yako wapi? Jamaa yote inapanda pamoja? Jina letu limeandikwa wapi? Asiyeweza kujibu maswali matano hayo hajatayarisha safari, na watu wanaweza kumwambia arudi akiwa na majibu.

Farasi wa ile video atakaa Dubai msimu wake, atakimbia mara tatu au ine, kisha mtu yuleyule atamshika kamba na kumrudisha kwenye majani ya Newmarket, ambako banda lake limefagiliwa na jina lake bado liko mlangoni. Yule mama wa kibanda cha simu hakuomba ndege wala blanketi. Aliuliza tarehe. Wanaoamua wapi aende na lini aondoke wanadaiwa angalau kuja kukaa naye chini, kumwita kwa jina lake, na kumwambia wanachojua.